Kahawa ni Mtaa, Ruiru ni Mche

Barabara ya Thika ina Kahawa nne, na hakuna hata moja ya kunywa. Kuna Kahawa West, Kahawa Sukari, Kahawa Wendani na Kahawa Garrison, hii ya mwisho ikiwa jirani ya kambi ya jeshi. Makanga huzitaja kwa pumzi moja akining'inia mlangoni, na abiria hushuka Sukari au Wendani bila kutabasamu. Atakayegeuka kutazama ni mgeni aliyetoka Lamu au Mombasa. Kwao kahawa haitiwi sukari. Huja chungu, imekolea tangawizi, utamu ukingoja pembeni kwenye kashata au tende. Na anayeiuza hana haja ya kupaza sauti: hugonganisha vikombe mkononi, dele likifuka juu ya makaa, wazee wa barazani wakasogea wenyewe.

Sisi wa huku tumeshazoea. Sukari na Wendani ni wadi mbili za eneobunge la Ruiru, kwa hiyo yuko mtu anayeitwa mheshimiwa wa Kahawa Sukari na hakuna anayecheka. Juzi kwenye matatu mama mmoja alikuwa akimfokea mwanawe kwa simu: "Nakungoja Sukari tangu saa nane, kumbe wewe umelala Kahawa!" Hata dereva hakugeuza shingo.

Jina lenyewe halikuanguka kutoka mbinguni. Ukanda huu wa Kiambu hadi Thika ulikuwa nchi ya mibuni. Wamishonari Wafaransa walipanda kahawa Bura, kule Taita, mwaka 1893, na muda si mrefu ikafika viungani mwa Nairobi. Reli ilipofika Thika mwaka 1913 ilipita katikati ya mashamba ya walowezi. Mwafrika aliitwa kuchuma kahawa tu, akilipwa kwa debe. Kuipanda kwake mwenyewe alizuiwa, isipokuwa wachache wa Kisii na Meru walioruhusiwa katika miaka ya 1930, mpaka mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954 ulipofungua mlango kwa wakulima wadogo.

Nayasema haya kwa sababu kila mazishi ninayohudhuria huku hakosi mzee wa kusikitika kwamba kahawa imeisha, kwamba zamani mtu akitoka Ruiru hadi Thika aliona kijani kitupu, na mvua ya Machi ikinyesha mibuni ilichanua maua meupe yenye harufu ya asmini. Ni kweli, ilipendeza. Lakini kijani kile kilikuwa na mwenyewe, na nyuma yake kulikuwa na safu za vibanda vya vibarua. Leo mjukuu wa kibarua ana ploti ya arobaini kwa themanini pale pale bibi yake alipokuwa akibeba debe mgongoni, na amejenga ghorofa nne. Sioni ni kwa nini nimlilie mwenye shamba.

Mji umekua kwa kasi ya kutisha, hilo nakiri. Sensa ya 2009 ilihesabu watu takriban 240,000 Ruiru. Ya 2019 ikakuta karibu 490,000. Tatu City, mji mpya wa ekari 5,000, unajengwa juu ya lililokuwa shamba la kahawa. Hata jeshi lilipisha: kambi ya Waingereza ya Templer, hapo hapo Kahawa, ilikabidhiwa serikali mwaka 1965 ikawa Chuo cha Kenyatta, ambacho tangu 1985 ni chuo kikuu. Walimu wa nusu ya nchi wamesomea Kahawa, na wengi wao nadhani walikuwa wakinywa chai.

Maana chai ndiyo iliyotushinda. Ingia mkahawa wowote wa Ruiru mjini uagize. Utaletewa chai ya maziwa na mandazi. Ukishikilia kwamba unataka kahawa, utaletewa kikombe cha maji moto na kipakiti cha unga ukoroge mwenyewe. Anayetaka hongo huomba "ya chai". Kahawa haijawahi kupata hata heshima hiyo. Na si ajabu. Karibu yote tunayovuna huuzwa nje, kupitia mnada wa Nairobi unaofanyika kila Jumanne, ikiwa imepangwa kwa madaraja yake, AA, AB na kuendelea. Mkulima wa Gatundu au Gatanga anaweza kuzeeka na mibuni yake bila kuwahi kuionja inavyonywewa Ujerumani.

Huyo ndiye ninayemsikitikia. Nchi ilifikia karibu tani 130,000 mwishoni mwa miaka ya 1980; siku hizi haifiki hata nusu ya hiyo. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei kwa mgao ulivunjika, bei ikaporomoka, na nyumbani vyama vya ushirika vikalemewa na madeni. Mkulima alipeleka mavuno kiwandani, akangoja miezi, halafu akapewa karatasi ya makato. Wengi walipanda mahindi na migomba katikati ya mibuni wakaiacha ijifie.

Lakini Ruiru kuna sehemu moja ambayo bado ni kahawa kweli, nayo ni kituo cha utafiti. Hapo ndipo ilipozaliwa Ruiru 11, aina iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. SL28, aina ya miaka ya 1930 iliyo kipenzi cha wanunuzi, ina ladha lakini haina kinga. Mwaka wa mvua nyingi, ugonjwa wa buni uitwao CBD huozesha buni likiwa bado kijani mtini, na dawa ya kupuliza humla mkulima faida yote. Ruiru 11 huhimili CBD pamoja na kutu ya majani, ni fupi, hupandwa kwa kubanana, na huanza kuzaa mapema. Mbegu yake hupatikana kwa kuchavusha ua moja moja kwa mkono, ndiyo sababu miche haijawahi kutosha. Waonjaji wengine huikunjia pua. Hao hawanunui dawa.

Kwa hiyo mambo yamepinduka: Kahawa imebaki hapa ikiwa mtaa, na Ruiru imeondoka ikiwa mche. Nilikaa karibu na mzee mmoja kwenye matatu ya kwenda mjini, akiwa amepakata katoni kama mtoto mchanga, majani yakichungulia. Nikamuuliza ni miche gani.

"Ni Ruiru, mwanangu. Naipeleka Bungoma. Jirani zangu wote wamepanda Ruiru."

Nikamwambia hata mimi ni wa Ruiru. Akanitazama juu hadi chini, akacheka, akasema basi nami ni wa kuhimili magonjwa. Tulikuwa tukipita Sukari. Akatazama maghorofa upande huu na upande ule, nguo zimeanikwa hadi juu.

"Na nyinyi wenye Ruiru yenu, mnapanda nini?"

"Nyumba, mzee."

"Zinachukua miaka mingapi kuanza kuzaa?"

Nikamwambia ikishaezekwa tu wapangaji wanaingia, na kodi hulipwa tarehe tano.

"Tarehe tano ya mwezi gani?"

"Kila mwezi, mzee."

Akarekebisha katoni mapajani. "Bila makato?"