Haya Isiyozuia Halali



Katika mitaa ya Tabora, kama huku Cheyo, hukosi kumwona mtu wa makamo aliyefiwa na mwenziwe, au aliyeachana naye zamani, ambaye hufunga mlango mapema kila jioni akala peke yake. Moyoni amekwisha kumpenda mtu, lakini hujiambia: "Umri umepita, watu watanicheka." Haya hiyo ni ya mtu mwema, wala simlaumu. Nawalaumu zaidi walimu wenzangu, nami nikiwamo, ambao hotuba zetu za ndoa twazielekeza kwa vijana tu, kana kwamba mwenye mvi hana moyo.

Wenyeji wa Tabora hawahitaji kufundishwa habari za misafara. Mji huu ulikua juu ya njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walijua ya kuwa tabia ya mtu hufunuka safarini, maji yanapopungua na mali ya watu ikawa mikononi mwake. Basi Bibi Khadija (r.a.) naye alikuwa mwenye misafara. Alikuwa mjane mwenye mali na heshima. Masimulizi mashuhuri yasema alikuwa na miaka 40, ingawa mengine yamtaja kuwa mdogo zaidi. Alimkabidhi Muhammad (s.a.w.), aliyekuwa na miaka 25, bidhaa zake azipeleke Sham, na mtumishi wake Maisara aliporudi akamweleza uaminifu aliouona njiani. Hapo ndipo moyo wake ulipoelekea. Je, alikwenda kusema mwenyewe? La. Alimtuma Nafisa binti Munya awe mshenga. Nafisa akauliza kwa upole ni kitu gani kimzuiacho Muhammad kuoa. Akajibu kwamba hana mali. Akaulizwa tena, kama angeitwa na mwenye mali, uzuri na heshima, je, asingeitika? Naye akauliza ni nani huyo. Ndoa hiyo ilidumu kiasi cha miaka 25.

Mwingine ni Bibi Umm Salama (r.a.), ambaye mumewe alifariki mwaka wa 4 Hijria kwa jeraha la vita vya Uhud. Mtume alipomposa, alitoa nyudhuru: ana wivu, ana watoto, na umri umekwenda. Wivu, Mtume aliahidi kumwombea kwa Mungu uondoke; watoto watatunzwa; na kuhusu umri alimjibu kwamba yeye mwenyewe ni mkubwa kuliko yeye. Jibu hilo la mwisho hunifurahisha kila nilisomeshapo.

Bado neno moja. Hadithi zatufundisha kwamba mwanamwali akinyamaza, kimya chake ni idhini; lakini aliyekwisha kuolewa sharti atamke mwenyewe. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 hutaka hiari ya wote wawili. Kwa hiyo, mama uliyefiwa, eda yako ya miezi minne na siku kumi ikiisha, na mshenga akabisha hodi, usitazame chini tu ukitumaini kwamba tutaelewa. Ukiwa radhi, sema. Na usipokuwa radhi, sema vilevile.