Kumpunguzia Jirani Gharama ya Moto na Taa

Amma baad. Huulizwa: mtu ajuaye njia ya kupunguza makaa na umeme, akimwona jirani yake apoteza mali kwa kutojua, je, yatosha kumpa sadaka ya debe la makaa, ama iko haki kubwa kuliko hiyo?

Jawabu ni hili. Sadaka ya makaa ni njema, illa huisha upesi, na aliyepewa hurudi kesho ameinamisha uso. Ama amsaidiaye jirani kupata jiko lenye udongo ndani, mfano wa yale yaliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980, humpunguzia makaa thuluthi au zaidi kila apikapo. Kwani udongo huzuia joto lisipotelee ubavuni mwa bati. Na ambadilishiaye globu ya wati 60 kwa taa ya LED ya wati 9, mwanga ni ule ule na gharama hushuka. Na ajitoleaye kupaka chokaa nyeupe juu ya paa la bati, chumba hupungua joto. Manufaa haya hudumu, wala jirani hana haja ya kuomba tena.

Lakini nyumba ni sitara. Usiingie ila kwa idhini, wala usitoke ukasimulia uliyoyakuta: jiko bovu, chungu kitupu. Afanyaye hivyo amempunguzia jirani makaa na kumwongezea aibu, na aibu ni nzito kuliko deni.

Basi, ndugu zangu, ajuaye na afundishe bila ujira, kisha anyamaze. Wallahu aalam.