Udhuru wa Asiyejua Alama za Njiani

Limeletwa katika darsa yetu suali hili: mtu akiona njiani alama asiyoijua maana yake, akaendelea na mwendo wake, kisha akamgonga mja wa Mungu, je, kutojua kwake kwamtoa katika lawama?

Wako wasemao kwa haraka kwamba asiyejua hana dhambi. Neno hili lina ukweli ndani yake, lakini halikukamilika. Maulamaa wa fiqhi wamempa udhuru wa ujinga mtu aliyesilimu karibuni, au aliyekulia mbali na wenye ilimu. Hawakumpa yule aishiye kati ya wanavyuoni ilhali haulizi. Kinachotazamwa ni kama aliweza kujua. Na dereva mwenye leseni (tukidhani kwamba aliipata kwa njia ya halali) amekwisha kukiri kuwa alijifunza alama hizi.

Haya, natujaalie kuwa alama ni ngeni kwake kabisa. Hapa ndipo wengi waghafilikapo, kwani alama hizi hazikupangwa ovyo. Katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, na katika desturi ya Kiingereza ambayo alama zetu za Kenya zimeifuata kwa mengi, pembetatu yenye ukingo mwekundu huonya, duara yenye ukingo mwekundu hukataza, na duara ya buluu huamrisha. Ile ya kusimama ina pande 8, na ile ya kumpisha mwenzio ni pembetatu iliyoelekeza ncha chini, hata mtu azitambue kwa umbo tu, japo maandishi yamefutika. Basi asiyeijua picha iliyo ndani bado amekwisha kuambiwa ajihadhari. Iko pia duara nyeupe yenye ukingo mwekundu, ndani haina kitu. Mtazamaji hudhani haisemi neno, kumbe yakataza kuliko zote: gari lolote lisipite.

Kwa hivyo twaona kuwa mwenye shaka ana wajibu wake, nao ni kupunguza mwendo papo hapo, kisha kuuliza. Tumefunzwa kuacha lenye shaka katika chakula chetu; roho ya mtoto atokaye chuoni jioni haiwi duni kuliko kipande cha nyama. Tena sharia haikumwacha hivi hivi hata aliyeua kwa kukosea. Suratun Nisaa, aya ya 92, imelazimisha kafara, na diya wapewe jamaa za aliyeuawa ila wakisamehe. Na asiyepata mtumwa wa kumwacha huru, afunge miezi 2 mfululizo. Mwenye kusema "sikujua" na aitazame hukumu hiyo kwanza.

Lakini lawama si ya dereva peke yake. Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Basi ang'oaye bati la alama usiku akaliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu amefanya kinyume chake. Huyo ndiye aliyewanyima wapita njia kujua, na dereva afikaye pale gizani asione kitu, hatuthubutu kumwita mjinga.