Mwalimu Aliyeiacha Dhahabu Ingoje

Wapendwa wachimbaji wa Nyarugusu na Rwamgasa, wa Kahama na Shinyanga yote, nanyi akina mama mnaoponda magwangala, yale mawe ya mabaki, jua likiwawakia: leo nawahubiria habari za Julius Kambarage Nyerere. Mnamjua kama Rais. Nataka mumtazame akiwa na chaki mkononi, tena mumtazame akiwa mshairi, maana ualimu na ushairi alidumu navyo hata urais ulipokwisha.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Akapita Tabora na Makerere, na mwaka 1946 akarudi Tabora kufundisha shule ya St. Mary's. Baada ya masomo ya Edinburgh alifundisha Pugu, hadi mwaka 1955 alipolazimika kuchagua kati ya darasa na chama chake cha siasa, TANU. Mshahara akauacha. Jina la kazi likabaki naye, na mpaka leo ukisema “Mwalimu” pasipo kuongeza neno, nchi nzima inajua unamsema nani.

Basi tazameni alichofanya! Mwaka 1963, nchi ikiwa na wahandisi wa kuhesabika, Rais huyu alichapisha tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, akiwa ameitafsiri katika Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Hakuna sheria iliyomtaka afanye hivyo. Aliiheshimu lugha ya mvuvi na mkulima kiasi cha kuikabidhi fikra za mtunzi mkubwa wa Uingereza, akitafuta neno kwa neno hadi mstari ukakaa sawa. Alipong'atuka mwaka 1985 hakuiweka kalamu chini. Aligeuza Injili na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, zikachapishwa mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kifo chake. Utenzi huimbwa, ndugu zangu. Hata asiyejua kusoma anaweza kuushika moyoni akatembea nao.

Na kusoma alitaka tusome sote. Kuanzia mwaka 1968 mradi wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO ulienea Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi. Geita ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mwanza wakati huo. Babu na bibi zenu walijifunza herufi kwa vitabu vilivyoeleza kilimo cha pamba, wakaketi kwenye madawati ya wajukuu wao bila kuona haya.

Nimefika kwenye dhahabu. Almasi ya Mwadui iliendelea kuchimbwa katika utawala wake, hilo nalijua. Lakini Mwalimu anakumbukwa kwa msimamo kwamba madini mengine yangoje ardhini mpaka watoto wetu wasome, wayachimbe wao kwa elimu yao. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000, yeye akiwa kaburini Butiama. Dhahabu iliwangoja watoto. Sisi je, tumewafanya nini watoto hao?

Tumewashusha maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu! Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch liliandika juu ya watoto katika machimbo yetu, Geita na Kahama zikiwamo: wanachimba, wanabeba mawe, wanachanganya zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki inaharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto huumia kuliko mtu mzima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi mgodini. Tunaijua, na bado kengele ya shule inalia huku kijana wa darasa la tano yuko mwaloni akiosha dhahabu.

Mama ataniambia: asipoponda mawe hatuli. Sikubezi, mama, njaa naijua ina sauti. Ndiyo maana neno zito nalielekeza kwako, mwenye duara, na kwako, mwenye karasha ya kusaga mawe, na kwako unayenunua dhahabu bila kuuliza imepita mikononi mwa nani. Mtoto akija kuomba kibarua, mkatalie, umpe mama yake kazi hiyo kwa ujira wa haki! Mkataeni nyote siku moja, nanyi mtaona madawati yanavyojaa. Nanyi wazazi mnaopata chochote, mtazameni mwalimu wa kijiji chenu: amepanga chumba kinachovuja, anafundisha darasa lililofurika, na msimu wa rashi ya dhahabu anaachwa na viti vitupu. Mtembeleeni. Mwulizeni mwanenu alikuwapo lini mara ya mwisho, na mkubali jibu lake hata likiwauma.

Na jumuiya zetu zitafute tenzi zile za Mwalimu. Nakala moja inatosha kuanza Jumamosi hii: baba aliyetoka duarani asome ubeti kwa sauti, na mtoto aliyetoka darasani amsahihishe.