Padre Karras na usiku wa Oktoba 31

Vijana wenzangu, kila mkesha wa Watakatifu Wote naitazama tena The Exorcist ya mwaka 1973 (nyie wadogo, subirini kwanza mkue). Wengi wanakumbuka shingo ya yule binti ikigeuka. Mimi namwangalia Padre Karras. Anamwambia padre mwenzake kwamba anadhani amepoteza imani, kisha mama yake anafariki, na moyo unavunjika. Lakini binti anateseka, basi anavaa stola na kuingia chumbani. Hakungoja mashaka yaishe.

Sasa wewe unayesema, “Siwezi kusali, sisikii kitu moyoni,” nakuuliza: kuna nani anateseka karibu yako, nawe bado unangoja imani ipone ndipo umwendee?