Mcheza kwao hutunzwa na nani?

Vijana wanaopiga gitaa hapa Majengo, Nyeri, hawaniulizi tena namna ya kutunga wimbo. Wananiuliza viza inapatikanaje. Bendi yao hufanya mazoezi katika chumba cha mabati, ngoma kubwa wameijaza blanketi kuukuu ili majirani wasinung'unike, na tokeni za stima zikiisha wanaumalizia wimbo gizani bila spika. Muziki wao ni roki. Wamekwisha kuamua kwamba Kenya haina mahali pa roki, na kwamba riziki yao iko Ulaya.

Siwavunji moyo, maana njia hiyo wapo Wakenya walioipita. Mwaka 2019 vijana wawili wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, waliunda bendi ya Duma, jina wanalosema linatokana na Kikuyu na maana yake ni giza. Kabla ya hapo walikuwa katika bendi za metali, ile roki yenye makelele kupita zote: Kanja katika Lust of a Dying Breed na Karugu katika Seeds of Datura. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 2020 na kusifiwa na waandishi wa muziki wa Ulaya na Marekani. Hata Sub Pop ya Seattle, lebo iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana mwaka 1989, ikawatolea wimbo.

Lakini ninachotaka vijana wetu wakitazame ni njia waliyopita. Safari yao haikuanzia kwenye ubalozi wa nchi yoyote ya Ulaya. Ilianzia Kampala, mwendo wa basi la usiku kutoka Nairobi. Hapo kuna lebo ya Nyege Nyege Tapes, iliyokuwa na studio na masikio ya kusikiliza muziki ambao redio nyingi zisingethubutu kuupiga. Walikaa miezi kadhaa wakirekodi. Jirani ndiye aliyewaamini kwanza, dunia ikafuata.

Baadaye Kanja akaanza kutoa kazi kwa jina lake la jukwaani, Lord Spikeheart. Akaanzisha lebo yake, Haekalu, na Aprili 2024 akatoa albamu iitwayo The Adept. Albamu hiyo, iliyojaa mayowe na mingurumo, ameitunuku kwa Muthoni wa Kirima, ambaye Kanja ni kitukuu chake.

Msomaji wa Nyeri hahitaji kuelezwa Muthoni ni nani. Au pengine anahitaji, na hilo ndilo linalonisumbua. Ndiye mwanamke aliyefikia cheo cha Field Marshal katika Mau Mau. Aliishi katika msitu wa Nyandarua miaka yote ya vita vya kupigania uhuru, akatoka baada ya bendera ya uhuru kupandishwa Desemba 1963. Nywele alizosokota msituni alikaa nazo karibu miaka sabini, zikarefuka hata kupita kiuno, mpaka Aprili 2022 Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wetu wa kwanza, alipozikata hapa hapa Nyeri. Muthoni alifariki Septemba 2023 akiwa na miaka 92.

Basi fikirini. Kijana anasimama katika kumbi za Ulaya mbele ya watu wasioujua mlima wetu wala msitu wetu, na alichobeba ni jina la ajuza wa Nyeri. Kadiri alivyokwenda mbali ndivyo alivyozidi kuwataja wa kwao. Wenyeji wale wana magitaa mengi na wapiga gitaa wengi kuliko sisi. Wasichokuwa nacho ni Muthoni.

Mwanamuziki Remmy Ongala alilijua hilo zamani. Alizaliwa Kindu, Kongo, akahamia Dar es Salaam mwaka 1978. Alipokuwa na bendi ya Super Matimila, rafiki yake aliyekuwa akirudi Uingereza alibeba kanda ya nyimbo zao, ikawafikia waandalizi wa tamasha la WOMAD. Wakaalikwa mwaka 1988, na mwaka uliofuata Real World, lebo ya Peter Gabriel, ikawatolea albamu. Remmy hakuanza kwa kubadili lugha ili aeleweke. Aliwaimbia Kiswahili, kuhusu mnyonge na kuhusu kifo, kama alivyowaimbia watu wa Dar. Kisha akarudi. Leo ukipanda daladala ya Sinza utamsikia kondakta akiita kituo cha Kwa Remmy. Heshima hiyo hawezi kukupa promota wa ng'ambo.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Tumezoea kuwasomea vijana methali hiyo kama onyo, wasikimbilie ugenini. Mimi naiona kuwa deni letu sisi tuliobaki nyumbani. Kijana akicheza kwao na asitunzwe, tuna haki gani ya kumlaumu akiondoka? Tunalipa bila kusita tukinunua bia katika baa, halafu mwanamuziki akitoza kiingilio cha shilingi mia mbili tunamwambia atuingize bure kwa kuwa tunamjua mama yake. Tunawasimulia watoto habari za ligi ya Uingereza, na hatuwaambii kilichotokea katika msitu wanaouona kila asubuhi.

Kwa hiyo nina ombi kwa pande mbili. Vijana wangu, tafuteni viza, lakini tafuteni pia wazee wa Majengo, Ruring'u na King'ong'o waliobaki na kumbukumbu, mketi nao, muwasikilize kabla hawajatutoka. Tungeni kutokana na hayo, mrekodi Nairobi, Kampala, popote patakapowafungulia mlango. Nasi wazazi, wafanyabiashara na viongozi wa kaunti, tuwapatie ukumbi wenye stima, tulipe kiingilio chote bila kuomba kupunguziwa, na tukae mpaka wimbo wa mwisho, hata kama kelele zake hatujazizoea.