Mshale wa Petroli na Dhamiri

Wako watu wanaodhani kwamba dhamiri ina kazi katika mambo makubwa tu. Leo tutazame jambo dogo: petroli inayobaki katika motokaa ya kukodi siku inaporudishwa. Ni dogo, lakini limewagombanisha watu waliokuwa wakiheshimiana.

Tuseme hivi. Mtu wa Lubumbashi amefiwa na mama yake huko Kilwa, si ile ya pwani, bali Kilwa yetu ya ziwa Mweru. Ndugu wanachanga fedha, wanakodi motokaa, tena wanaweka dhamana mkononi mwa mwenyewe. Sharti ni fupi: tangi limejaa, lirudi limejaa. Safari ni kilomita 350 hivi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Wanafika usiku, wamechoka, na mshale umeshuka. Asubuhi mwenye motokaa anasema: «Papa, zimepungua lita 20.» Naye anakata katika dhamana bei ya lita 40. Mfiwa analia: «Lakini papa, huu si wizi?» Mwenzake anajibu: «Ulikubali sharti.» Ni nani mwenye haki?

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeishi katika karne ya 13, alifundisha kwamba viko vitu ambavyo kuvitumia ndiko kuvimaliza, kama divai na ngano. Na viko vingine ambavyo hutumiwa navyo hubaki, kama nyumba. Mwenye kupanga nyumba huirudisha nyumba ile ile, tena hulipa kodi. Mwenye kukopa unga hawezi kurudisha unga aliokwisha kuula. Hurudisha kipimo kile kile cha unga wa namna ile. Basi motokaa ni kama nyumba, na petroli ni kama unga. Kwa motokaa twalipa kodi. Kwa petroli twarudisha kipimo. Anayedai vibaba viwili kwa kimoja ameiuza petroli ile ile mara mbili.

Mwenye motokaa atasema: «Nimemtuma kijana kituoni, na mteja wa asubuhi amekwenda zake.» Neno hilo lina haki. Tomaso huyo huyo alikubali kwamba muuzaji apatwaye na hasara aweza kuiingiza katika bei. Lakini alikataza kuuza shida ya mnunuzi. Kwa hiyo kijana alipwe ujira wake, na hasara ya kweli ihesabiwe. Uchovu na msiba wa mgeni havina bei. Wala kipimo cha kuanzia hakifichiki, maana katika nchi yetu serikali ndiyo ipangayo bei ya petroli ya vituoni.

Na lile neno «ulikubali»? Dekreti ya mapatano ya tarehe 30 Julai 1888, inayotumika Kongo hata leo, yasema kwamba mapatano ya halali ni sheria kwa waliopatana, tena yatimizwe kwa nia njema. Watu wengi hukumbuka nusu ya kwanza tu. Mfiwa alikubali kulijaza tangi. Bei maradufu hakuambiwa. Asiyeambiwa hakukubali. Hata Ulaya ugomvi huu upo: mwaka 2015 kampuni tano kubwa za kukodisha motokaa ziliahidi mbele ya Tume ya Ulaya kutengeneza masharti yao, mteja apate njia ya kulipa petroli aliyoitumia tu.

Lakini asifurahi upesi mwenye kukodi, maana naye ana kesi yake. Ndani ya tangi mna boya, nalo ndilo lisukumalo mshale. Motokaa ikisimama mteremkoni, petroli huhamia upande mmoja na mshale husema uongo. Tena katika motokaa nyingi mshale hukawia kushuka, ijapokuwa lita kadhaa zimekwisha. Wako wanaoyajua hayo, nao hutia petroli kidogo tu mpaka mshale uinuke, wakarudisha ufunguo huku wakitabasamu. Watasema: «Lita mbili ni kitu gani?» Haba na haba hujaza kibaba. Wateja kumi wa namna hiyo wamemwibia lita 20 mtu ambaye labda ana motokaa hiyo moja tu ya kuwasomeshea watoto. Amri ya saba haikusema: usiibe kingi.

Na kama kuna shaka? Tukumbuke kwamba dhamana si mali ya mwenye motokaa. Ni mali ya mwenzake aliyoiweka kwake. Anayetaka kukata ndiye apaswaye kuonyesha sababu. Kwa hiyo, kabla ya ufunguo kutolewa, wote wawili wautazame mshale mahali tambarare, waandike, na risiti ya kituo itunzwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi mfiwa wetu alipe lita 20 kwa bei ya kituo, pamoja na ujira wa kijana na hasara ya asubuhi ile ikiwa ni ya kweli. Dhamana iliyobaki irudi mkononi mwake siku ile ile. Msamaria wa Injili alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Ahadi ile ilisimama juu ya watu wawili: mmoja asiyekimbia deni, na mmoja asiyeongeza hesabu. Ewe msomaji, wewe hukodi au hukodisha? Jipime kwa kibaba chako mwenyewe.